Hatua Mia Nne

Babu Bidzina alizikwa Kakheti, mwezi wa theluji,
akaacha wana wawili na kamba moja.
Baba mkubwa Otari akashika ncha huku, baba ncha kule,
wakazunguka.
Hatua mia nne shamba la Otari:
mia kwa mia, pembe zake zimenyooka kama za meza.
Hatua mia nne letu:
mia na sitini kwa arobaini, refu, jembamba,
limejinyoosha ubavuni mwa lile kama mgonjwa kitandani.
Mzingo sawa. Padri akasema amina,
wakanywa divai ya mtungi uleule.

Miaka kumi na mmoja baba alijilaumu.
Kila vuli mikokoteni ya Otari ilipita imejaa,
na mtungi wetu, uliozikwa ardhini hadi shingo,
ukabaki na nafasi ya mwangwi.
"Mvivu mimi," alisema, akaanza kuamka kabla ya jogoo.
Akaulaumu udongo. Akailaumu mvua ya mawe.
Mama alimlaumu kimya kimya, nadhani,
kwa namna alivyokata mkate.

Mwalimu Lamara, chaki imemganda mkononi mwa sweta,
alituambia: msilolijua lipeni herufi,
kisha lisemesheni kwa adabu, kama mgeni,
litajitaja lenyewe.
Nilikuwa na miaka kumi na minne na jambo nisilolijua.
Nikalipa p. Pengo.

Nikaandika nyuma ya daftari la historia:
upande mmoja umeongezewa p,
wa pili umenyang'anywa p,
na mzingo hauna habari, uleule mia nne,
maana p iliyoingia kwa mlango huu imetokea mlango ule.
Lakini eneo!
Mia jumlisha p, mara mia toa p.
Nikafungua mabano polepole
kama mtu afunguaye barua ya deni:
elfu kumi,
toa mia za p,
jumlisha mia za p (hizo zikauana),
toa p mara p.

Nikairudia. Nikaijaribu kwa namba ndogo,
kwa kokoto, kwa vipande vya jibini.
Haikunipa upenyo.
Ukiuacha mraba, uende upande wowote, utalipa,
na malipo yenyewe ni mraba.
P yetu ilikuwa sitini.
Sitini kwa sitini, elfu tatu mia sita.
Kwa upanzi wetu, hatua mbili kwa mbili,
ni mizabibu mia tisa
ambayo haikuwahi kupandwa.

Baba alisoma, hakunipongeza.
Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja,
akakisahau cha pili.
"Kwa hiyo sikuwa mvivu."
Kisha, baada ya muda mrefu:
"Otari naye haijui hesabu hii."

Mimi nilitaka awe mwizi. Ingekuwa rahisi.
Nikamwendea peke yangu, daftari kwapani.
Alinisikiliza akivunja jozi,
akaniomba nirudie pale p zinapouana.
Nikarudia.
Jozi zikaisha.
"Kamba ilikuwa moja," alisema. "Niliishika kwa mkono huu."
"Kamba haikudanganya, baba mkubwa.
Iliulizwa swali jingine."
Hakunikaribisha chakula. Nilirudi gizani
nikidhani nimevunja nyumba mbili.

Jumamosi tukasikia nyundo.
Nguzo za mpakani, za mwaloni,
zilikuwa zikisogea ndani ya shamba lake,
hatua kumi na nane, kwa urefu wa mia nzima.
Elfu moja mia nane, nusu ya pengo.
Nani alimfanyia hesabu hiyo
sikuuliza, na hadi leo sijui.

Jioni waya wake ulibaki hatua thelathini na sita.
Wetu ulipungua hatua thelathini na sita.
Akauleta begani, ameukunja duara,
hakusema neno.
Baba akashika ncha.